Shema ya Nukta Tisa

Mtu akiniuliza leo kama najua kwamba pweza ana mioyo mitatu, ninamjibu kwamba najua, na ninamwomba aniache. Zamani nisingemwacha aende. Ningemwambia kwamba damu ya pweza ni ya bluu, kwamba mmoja wa ile mioyo husimama akianza kuogelea, na kama ana haraka, pole yake, maana bado nina mengine. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nina ofisi ndogo ya kuchapa barua na kutoa fotokopi katika komini ya Tshopo, hapa Kisangani: meza moja, kompyuta moja, mashine moja inayotafuna karatasi. Kwa miaka mingi wateja wangu waliondoka na barua yao ya kuomba kazi pamoja na habari ambayo hawakuiomba.

Nikiandika anwani ya mtu ya mtandao na kufika kwenye ile alama ya a iliyozungushiwa mkia, lazima nimweleze kwamba Waitaliani wanaiita konokono na Waholanzi wanaiita mkia wa nyani. Nikichomeka kamera nitoe picha za pasi, lazima niseme kwamba moja ya kamera za kwanza kabisa za mtandao ilikuwa inaangalia birika la kahawa, kwa sababu wasomi fulani wa Ulaya walichoka kushuka ngazi na kukuta limekauka. Watu walicheka. Wengine walinitazama kama mtu aliyeanza malaria.

Aliyenisikiliza kweli alikuwa kaka yangu. Mimi nilimfuata yeye tumboni, hatukuwa na mwingine, na maisha yangu yote nilimwita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu hapa, naye aliniita leki, yaani mdogo wake, hata nilipokuwa mwanamke mwenye mvi. Alifanya biashara ya mto. Alishuka hadi Barumbu na chumvi, sabuni na betri, akapanda na samaki wa kukaushwa, na kila safari, kabla ya kwenda bichi, bandarini, kupakia, alipita ofisini kwangu asubuhi. Tulikuwa na mchezo wetu. Mimi namwambia mambo matatu ya mtandaoni, mawili ya kweli na moja la uongo, yeye achague la uongo. Akikosa, ananinunulia mikate ya moto kwa mama wa kona. Nilikula mikate mingi sana ya yule mtu.

Jambo alilolipenda kuliko yote lilikuwa lile la ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili. Walitaka kutuma neno la herufi tano, zikafika mbili, mashine ikafa. Yaya alicheka hadi akashika mbavu. Alisema basi mtandao ulizaliwa ukiwa na tabia ya mtandao wetu wa Kisangani, hakuna kilichobadilika.

Hayo yote alikuwa anayapeleka Yanonge. Mtoto wake alikuwa huko, msichana, wakati ule ana miaka minane, akilelewa na koko wake, mama ya mama yake, kwa sababu mama mwenyewe alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Kila boti ya yaya ikishuka au ikipanda ilisimama Yanonge, na akifika pale simu haikuwa yake tena, ilikuwa ya mtoto. Yeye anakula samaki wake kwa koko, mtoto anacheza michezo ya simu, na katikati anamwambia habari za pweza. Aliniambia mtoto sasa amekuwa mbaya kama mimi, anawasumbua walimu. Nilifurahi mno.

Sasa niseme juu ya shema, ule mchoro wa kufungulia simu. Siku moja mvua ilinyesha, umeme ukakatika. Barazhi ya Tshopo, lile bwawa la umeme, iko karibu sana nasi, lakini mashine zake zimechoka, na umeme unatukimbia sisi majirani kama tunavyokimbia nyuki. Yaya akakaa kusubiri mvua. Akatoa simu yake na mbele ya macho yangu akaifungua: zile nukta tisa, akachora herufi L, ile ya mtoto wa shule ya chekechea. Nilimkaripia. Nilikuwa nimesoma juu ya jambo hilo wiki ileile. Nikamweleza kwamba zile nukta tisa zinaweza kutoa shema zaidi ya mia tatu na themanini elfu, na kwamba pamoja na utajiri wote huo watu wanaanza pembeni juu kushoto na kuandika herufi. Nikachukua simu yake, nikaiinamisha kwenye mwanga wa mlango, nikamwonyesha: mafuta ya kidole chake yalikuwa yameacha L nzima juu ya kioo, mwizi hahitaji hata kufikiri. Alishangaa kweli. Nikatoa simu yangu, nikamwonyesha shema yangu, polepole, inaanzia katikati, inapanda, inajikata yenyewe mara mbili. Mimi siwezi kuwa na kitu nisikionyeshe. Nikamwambia atafute ya kwake mwenyewe, ngumu kama hii, isiyo ya mtu mwingine.

Safari iliyofuata akapita na simu mkononi, akaniambia nijaribu. Nikachora L. Ikakataa.

"Sasa hata weye hautafungula," akasema, akacheka na kuirudisha mfukoni.

Nilijisikia mwalimu. Nikamsifu, tukaendelea na mchezo wetu, na siku hiyo alikosa, akaninunulia mikate.

Alirudi kutoka Barumbu na homa ya tumbo. Aliivumilia njiani siku nyingi kwa sababu mali ilikuwa ndani ya boti, na alipofika tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Hospitalini wakampasua, wakakuta yaliyokuwa ndani, wakafunga. Munganga aliyempasua alituambia tukae karibu naye. Mama mdogo wetu, mdogo wa marehemu mama, ndiye aliyelala chini ya kitanda chake na kumfulia na kumpikia. Mimi nilikuwa nakuja kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi.

Asubuhi ya mwisho sikuja. Nilikuwa na kazi ya mwanafunzi ya kumaliza masomo, ya kutoa siku ileile, na mashine ilitafuna ukurasa wa jalada mara tatu. Nilituma neno kwamba nitapita saa sita. Sitalisamehe jalada lile. Asubuhi hiyo yaya alimwomba mama mdogo amwekee simu kifuani karibu na mdomo, akaifungua mwenyewe, akagusa mahali pa kurekodi sauti, halafu akamtuma maji. Mama mdogo alichelewa makusudi kwenye bomba, alijua mtu anataka kuwa peke yake. Aliporudi alisikia mlangoni kwamba yaya anaongea na mtoto wake, kwa jina lake, kama mtoto amekaa pale kitandani. Hakusikiliza maneno. Alingoja nje mpaka akanyamaza. Kisha yaya akamwekea simu mkononi.

"Umupe leki," akamwambia. "Yeye atapeleka kwa mutoto."

Hakuituma ile sauti kwa mtandao, kwa sababu koko wa Yanonge ana kile kisimu kidogo cha kupiga na kupigiwa tu. Saa sita nilipofika walikuwa wameshamfunika.

Sitasema mengi juu ya maziko. Mtoto hakuja, koko alikuwa mgonjwa wa miguu na hakukuwa na wa kumleta. Baada ya maziko kulikuwa na jambo la vitu. Sisi watu wa mto, wa upande wa Yanonge, kabla vitu vya marehemu havijaguswa na mwingine lazima vioshwe. Nguo, viatu, sahani, hata mkanda. Mwanamke wa ukoo anaviosha, jasho la marehemu linaondoka na maji, ndipo vinaweza kuingia mikononi mwa wengine. Mama mdogo aliviosha vyote kwenye mto Tshopo. Simu hakuitumbukiza, aliogopa, lakini aliipangusa kwa kitambaa, sabuni na limau, kwa uangalifu, sehemu kwa sehemu, pamoja na kioo. Akaniletea ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa inang'aa. Aliniambia kwamba ilikuwa chafu, imejaa alama za vidole vyake, imempa kazi.

Nikaiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Hakukuwa na kitu. Nikalia, nikalia mpaka nikakaa chini, na yeye akanishika mabega akidhani namlilia yaya tu. Sijawahi kumwambia. Alifanya kile ambacho mama yake alimfundisha, na alikifanya vizuri.

Basi nikaanza. Nilinunua kaye, daftari la kurasa mia, nikawa nachora nukta tisa tisa, kila shema niliyoijaribu naiandika nisiirudie. Nilijaribu L nyuma mbele. Nilijaribu herufi ya jina la mtoto, la marehemu mke wa yaya, la mama yetu, la boti. Nilijaribu umbo la mto unavyojikunja kutoka hapa hadi Isangi, nikalia kwa ujinga wangu mwenyewe. Ukikosea mara tano simu inakuambia ungoje, halafu unangoja zaidi, halafu zaidi. Mwanzoni ilikuwa sekunde. Baadaye nilikuwa najaribu mara moja, natoa fotokopi za mteja mzima, narudi kujaribu nyingine. Nilipiga hesabu ya muda ambao shema zote zingenichukua, nikaifuta ile hesabu haraka.

Msiniambie nilipaswa kufanya nini, nilifanya. Akaunti yake niliifungua mimi mwenyewe zamani kwenye kompyuta yangu, neno la siri lake nilikuwa nalo, nikaingia: picha chache za magunia, sauti hakuna, na akaunti haifungui nukta. Nikampelekea fundi wa katikati ya mji, nikapanda toleka, yule mtu wa baiskeli akanyonga pedali kilima chote huku nimeikumbatia simu kama kuku wa kuuza. Fundi aliitazama dakika mbili. Akasema simu za sasa zinafungwa hata ndani, anaweza tu kuifuta kila kitu ianze upya. Nikajua kwamba anasema kweli, na nikamtukana hata hivyo. Wakati mwingine ile simu ilikuwa inalia mezani kwangu, watu wa samaki wakimtafuta. Nilikuwa naweza kupokea. Kupokea hakuhitaji shema. Nikawaambia mmoja baada ya mwingine kwamba hayupo.

Na Yanonge walikuwa wanapiga. Mama mdogo alikuwa amewaambia kwamba kuna neno. Koko ananipigia, anasema mtoto anauliza lini. Nasema bado kidogo, naileta. Wiki nyingine, bado kidogo. Mara moja mtoto mwenyewe akashika simu ya koko na kunisalimia vizuri, akauliza kama papa, baba yake, alisema maneno mengi au machache. Nikamwambia mengi. Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Niliona haya. Mimi ndiye tantine, shangazi yake, anayejua kila kitu cha simu, yule wa pweza, nimfikie mtoto mikono mitupu? Nilitaka nimfikie na sauti.

Kumwuliza yeye habari za ile simu hakukunijia kichwani hata siku moja. Kwetu mtoto haulizwi mambo ya marehemu. Anafichwa. Anapelekwa kwa jirani akale, watu wazima wanaongea. Nimekaa na kaye ile siku arobaini kasoro chache, nimeuliza fundi, nimeuliza wenzake wa boti, nimeuliza hata mama wa mikate, na mtu pekee aliyekuwa akiishika simu ile kila safari sikumwuliza.

Siku ya kuondoa matanga noko alikuja. Ndiye mjomba wetu, kaka ya mama, neno lake ndilo linalofunga mambo ya namna hii. Si mtu mbaya. Alisikia habari ya kaye, akaomba aione, akaifungua ukurasa kwa ukurasa, nukta tisa tisa tisa. Akaifunga. Alisema kwamba vitu vya marehemu vimeoshwa vyote na kugawanywa, isipokuwa hiki kilichopanguswa nje tu, ndani bado, na kwamba hiki si cha mtu mwingine ila mtoto. Nikamjibu kwamba sauti iko ndani. Nikamjibu kwa hasira, mbele ya wazee, jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi kwa noko wake, na mama mdogo akanivuta kitenge.

"Kila siku unamugonga kichwa na kidole," noko akaniambia, taratibu. "Muache alale. Osha ile kitu, umupelekee mutoto."

Ningeweza kukataa. Naandika hivi ili nisijifiche nyuma ya mzee. Ningeweza kuificha simu, kusema imeibiwa, kungoja mwaka. Lakini nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimefika ukurasa wa tisini, na kuna sehemu ya moyo wangu ilifurahi kuambiwa niache. Kesho yake mchana nikaifuta kwenye meza yangu. Unabonyeza vitufe viwili pamoja, unashikilia. Simu iliniuliza kwa Kifaransa kama nina hakika, ikanionya kwamba kila kitu kitapotea. Nikachagua oui. Ilichukua muda mfupi kuliko fotokopi tatu. Halafu ikawaka nyeupe, ikasema bonjour.

Nikashuka Yanonge na boti ya motere, simu ndani ya mkoba katika kile kitambaa cheupe. Njiani nilitengeneza maneno. Niliamua nitamwambia mtoto kwamba sauti iliharibika yenyewe, kwamba simu ziko hivyo, mashine hufa katikati ya neno, unakumbuka ile habari ya papa. Ulikuwa uongo mzuri, mimi mwenyewe ningeushindwa katika mchezo.

Koko alinipokea kwa machozi, tukalia pamoja kama inavyopasa. Mtoto alikuwa amekua, shingo ndefu ya yaya. Akaniletea kiti na maji. Niliweka simu yangu juu ya mkeka nikanywa, na koko akaanza kuniuliza juu ya maziko, nani alikuja, walipika nini, nami nikawa namweleza kirefu kwa sababu nilitaka kuchelewesha lile jingine. Nilipogeuka, mtoto alikuwa ameshika simu yangu anatazama picha zangu.

Nilidhani niliiacha wazi. Nikaichukua, nikaizima, nikamrudishia. Akaiwasha. Nukta tisa zikatokea, naye bila kufikiri akaweka kidole katikati, akapanda, akakata mara mbili, ikafunguka.

Nikamwuliza nani alimwonyesha.

"Papa," akasema. "Iko sawa na ya papa. Alisema aliiba kwa tantine."

Koko akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu nifike. Mimi nilikuwa nahesabu kurasa. Kurasa tisini, na sikuwahi kuchora yangu mwenyewe hata mara moja, kwa sababu nilimwambia atafute ya kwake, na mimi nikisema jambo ninaamini limefanyika. Alikuwa amefunga simu yake kwa kitu changu, na akasema nipewe mimi.

Mtoto alikuwa amesogea karibu na mkoba.

"Umeleta ya papa? Lete, mimi nafungula."

Nikafungua kitambaa. Mama mdogo aliiosha nje, mimi niliiosha ndani. Akaishika kwa mikono miwili, akaiwasha, akaweka kidole tayari katikati ya kioo. Hakukuwa na nukta. Ilifunguka yenyewe. Akaingia mahali pa sauti, alipajua, nikamwona anapajua. Akatoka. Akaingia tena.

"Hakuna kitu, tantine."

Ule uongo ulikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikatazama kidole chake kikisubiri juu ya kioo, nikaumeza.

"Ni mimi nilifuta," nikamwambia. "Kilikuwepo. Nilishindwa kufungua, nikafuta."

Hakulia. Alinitazama muda mrefu, mtu mdogo wa miaka minane anayejua kwamba pweza ana mioyo mitatu.

"Sababu ya nini haukuniuliza?" akasema.

Koko akamwambia asiongee hivyo na mkubwa. Nikamwambia koko amwache. Halafu nikashuka kwenye kiti, nikakaa juu ya mkeka mbele ya mtoto.